Mkutano, kamati, warsha au kura ya bahati: uwashirikishe vipi watu kupanga kesho yenye moshi mdogo?

Kinangop, Kenya, upepo haukukosekana. Kilichokosekana ni maelewano. Mradi wa umeme wa upepo wa megawati 60.8 ulifutwa mwaka 2016 kabla panga hata moja halijazunguka, baada ya malumbano ya ardhi, maandamano ya wakulima na mtu mmoja kupoteza maisha. Miaka mitatu baadaye, tarehe 26 Juni 2019, mahakama maalumu ya mazingira ya nchi hiyohiyo ikafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokuwa ujengwe Kwasasi, Lamu. Mradi mmoja msafi, mwingine mchafu, na yote miwili ikajikwaa kwenye jiwe lilelile: watu wa mahali pale.

Nimeanza na Kinangop kwa makusudi. Wengi wanaoniuliza wafanye ushirikishwaji wa namna gani huwa wameshajiaminisha kwamba mradi ukiitwa wa kijani, wananchi wataupokea kwa vigelegele. Hawaupokei hivyo, na wana sababu zao.

Kazi yangu ni uwezeshaji. Nasimama mbele ya watu na bango kitita, kalamu mkononi, naandika wanayosema wao hata pale ninapotamani wangesema mengine. Nimeifanya pande zote mbili za Horohoro, mpakani mwa Kenya na Tanzania, kwa hiyo utanisikia nikisema kata na wadi kwa zamu. Makala hii ni kwa ajili yako uliyekabidhiwa jukumu hilo: halmashauri imekutuma, kikundi chenu cha mazingira kimepata fedha kidogo, au shirika lenu linataka wananchi wachangie mpango wa namna eneo lao litakavyopika, litakavyosafiri, litakavyolima na kuwasha taa kwa hewa ukaa kidogo kuliko leo. Mezani kuna njia nne. Mkutano wa hadhara unaujua. Kamati ya wadi pengine umeisikia. Warsha ya kuiona kesho na baraza la watu waliopatikana kwa kura ya bahati ni ngeni kidogo kwetu, ingawa si ngeni kama inavyodhaniwa.

Vigezo ninavyotumia

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale. Nani anaingia, na nani anabaki jikoni au shambani wakati wenzake wanaamua? Swali linaweza kupanuka kiasi gani? Maana kuna njia inayobeba "tunataka kuishi vipi mwaka 2050?" na kuna inayobeba "msitu huu tuufunge au tuuache?" basi. Gharama ni kiasi gani, kwa fedha, kwa muda na kwa ujuzi wa kuongoza? Uamuzi unatua wapi: penye mhuri, penye fungu la fedha, au kwenye picha ya pamoja mwishoni mwa siku? Na inaharibikia wapi, kwa sababu kila njia ina ugonjwa wake.

Swali la uamuzi unatua wapi nalipa uzito kuliko mengine. Nalisema mapema ili ukiona napendelea upande fulani ujue chanzo.

Mkutano wa hadhara

Nani anaingia. Kisheria, kila mtu. Tanzania mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, na unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kenya lipo baraza la chifu, na Katiba ya 2010 imeweka ushiriki wa wananchi kati ya misingi ya utawala katika Ibara ya 10, kisha Ibara ya 69 ikaurudia kwa upande wa mazingira. Hiyo ni karatasi. Chini ya mwembe wanaofika ni walio na nafasi saa nne asubuhi, na wanaosema ni waliozoea kusema. Siku moja nilimaliza mkutano kuhusu kuni na mkaa, mkutano mzuri, wazee watano wamezungumza kwa ufasaha. Watu wamekwisha kutawanyika ndipo mama mmoja akanifuata huku akijifunga kanga upya: "Mwanangu, kuni tunazifuata mwendo wa saa tatu siku hizi. Ila hilo nisingelisema mbele ya baba mkwe." Lilikuwa ndilo jambo kubwa kuliko yote ya siku ile, na halimo kwenye muhtasari.

Swali. Mkutano unapenda jambo lenye kona chache. Gazi na Makongeni, kaunti ya Kwale, ni mfano unaonifurahisha. Tangu 2013 wenyeji wanauza hewa ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, yaani wanalipwa kwa kuitunza mikoko hiyo, na mapato yakirudi, wakazi ndio wanaosema yaende wapi: maji, shule, au jambo jingine. Swali ni dogo, lina fedha nyuma yake, na linarudi tena na tena, hivyo aliyeshindwa safari hii anajua zamu yake itafika. Jaribu kuupa mkutano huohuo swali la "dira ya miaka thelathini" uone watakavyoanza kutazama saa.

Gharama. Ndogo. Turubai, spika, maji ya kunywa, na mwenyekiti anayejua kumkatiza mtu bila kumvunjia heshima.

Uamuzi unatua wapi. Hapa ndipo wengi wanaudharau mkutano bila kujua. Kwa Tanzania, mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji unapita kwenye mkutano mkuu, na msitu wa hifadhi wa kijiji vilevile. Muhtasari wenye mhuri wa kijiji ni mzito kuliko ripoti yoyote niliyowahi kuandika. Kilosa, kuanzia 2012, vijiji vilianza kutenga sehemu ya misitu yao kwa ajili ya mkaa, ikakatwa kwa vitalu na kila kitalu kupumzishwa ili miti ichipue upya, mzunguko wa miaka 24. Mtu wa mjini angesema jibu la kijani ni kupiga mkaa marufuku. Wenye msitu waliona wakiruhusiwa kuuza kihalali watakuwa na sababu ya kuulinda.

Inaharibikia wapi. Rudi Lamu. Mikutano ilifanyika, watu waliitwa wakaja. Kasoro iliyoonwa na mahakama ni kwamba mikutano ile ilikuwa ya utangulizi, imefanyika kabla ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira haijakamilika, na ripoti ilipokamilika watu hawakupewa nafasi ya kweli ya kuijadili. Wameitwa kuonja chakula ambacho hakijapikwa, kisha mapishi yakaendelea bila wao. Ugonjwa wa pili ni karatasi ya mahudhurio kugeuzwa ushahidi wa kukubali. Mtu ametia saini kwamba alikuwepo, basi.

Inamfaa nani: anayehitaji uhalali wa kisheria juu ya jambo linaloeleweka kwa dakika kumi, hasa la ardhi, msitu au mapato ya pamoja.

Kamati ya wadi ya mabadiliko ya tabianchi

Hii ni kazi ya Kenya, na inastahili kuangaliwa na majirani. Ilianzia Isiolo mwanzoni mwa miaka ya 2010, ikaenda Garissa, Kitui, Makueni na Wajir, kisha mwaka 2021 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 150 za mkopo kwa mpango wa serikali wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji, unaojulikana kwa kifupi FLLoCA, na kaunti nyingine zikaingia. Tanzania, chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, mfumo unaofanana nao ulijaribiwa Longido, Monduli na Ngorongoro.

Nani anaingia. Wachache waliochaguliwa kutoka vijiji vya wadi, nafasi za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu zikiwa zimetengwa. Wanafahamiana, wanakutana mara kwa mara, wanajifunza kusoma bajeti. Yule mama wa kanga, akiwa mmoja wa watu kumi na kitu katika chumba kimoja kwa mwaka mzima, siku moja atazungumza. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Swali. La kati. Kamati inaweza kuorodhesha matatizo ya wadi nzima na kupanga kipi kitangulie. Ila tazama kinachotoka mwishoni: maji, maji, maji. Visima, mabwawa, matangi. Siwalaumu, mtu mwenye kiu hapangi habari ya mabasi ya umeme. Lakini kama lengo lako ni kupunguza hewa ukaa, fahamu kwamba kisima kitaimeza ajenda yako usipoilinda tangu siku ya kwanza. Isiolo walionyesha werevu wa namna nyingine: sehemu ya fedha ilikwenda kuiimarisha dedha, taasisi ya jadi ya Waborana inayoamua mifugo ichunge wapi na lini. Hakuna jengo la kupiga picha hapo. Kuna malisho yanayopumzika.

Gharama. Si ya siku moja. Uchaguzi, mafunzo, vikao, nauli, ufuatiliaji. Hesabu miezi, tena kila mwaka. Bila kaunti au halmashauri nyuma yako, usianze.

Uamuzi unatua wapi. Kwenye fedha moja kwa moja, na hapa kamati inazipita njia nyingine zote. Makueni ilitunga kanuni za mfuko wake mwaka 2015, ikatenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo ya kaunti. Katika mfumo ulioanzia kaunti hizo za kwanza, asilimia 70 ya mfuko huenda kwenye miradi iliyopendekezwa na wadi, 20 kwenye miradi ya ngazi ya kaunti, na 10 kwenye uendeshaji. Mwanakijiji akijua kwamba sehemu kubwa ya fungu inamsubiri yeye, anakuja kikaoni na sura nyingine kabisa.

Inaharibikia wapi. Kamati ikikaa muda mrefu huota mizizi. Wajumbe wanageuka "watu wa kamati", shemeji anakuwa mkandarasi, na kijiji kinachowatuma hakipati mrejesho. Dawa yake ni kuwalazimisha kurudi kwenye mkutano wa hadhara na hesabu mkononi.

Inamfaa nani: serikali ya mtaa yenye fedha za kweli na uvumilivu, au shirika lililo tayari kukaa nyuma ya serikali hiyo bila kutaka jina lake kwenye kila tangi.

Warsha ya kuiona kesho

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Watu wakisikia warsha wanafikiria hoteli, chupa za maji na slaidi. Ninayoizungumzia mimi ni mchezo wa fikra wenye kanuni.

Kuna namna mbili kubwa. Ya kwanza ni kusimulia kesho kadhaa zinazowezekana, si ile moja tunayoitaka, kisha kuzipa majina ambayo mtu atayakumbuka. Afrika Kusini, 1991 na 1992, wakati nchi ikitoka kwenye ubaguzi wa rangi, watu 22 kutoka pande zilizokuwa hasimu walikaa Mont Fleur wakatoka na hadithi nne: Mbuni anayefukia kichwa mchangani, Bata mwenye ulemavu asiyeweza kuruka, Ikaro aliyepaa karibu mno na jua, na Heroe wanaoruka taratibu lakini pamoja. Mada haikuwa hewa ukaa, lakini ufundi ni uleule. Mwenye busara haulizi "mnataka nini?" peke yake. Anauliza pia "tukiendelea hivi, tutafika wapi?"

Namna ya pili ni kwenda kinyumenyume. Mtafiti wa nishati wa Kanada, John Robinson, aliielezea mwaka 1982: badala ya kubashiri mambo yanapoelekea, chagua kesho unayoitaka, simama pale, kisha rudi hatua kwa hatua hadi leo ukiuliza nini lazima kiwe kimetokea kabla. Mimi naanza na jiko. "Mwaka 2050 mjukuu wako anapika kwa nini? Kinachopikia ni cha nani?" Wakishachora, tunarudi 2040, tunarudi 2034. Kwa Tanzania, hapo 2034 tunakutana na jambo lililokwisha kuandikwa: mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Basi hatubishani kuhusu lengo, tunatafuta njia ya kufika. Na wanapofika "mwaka kesho", ndipo ukweli unapochomoza: mkaa unauzwa kwa kopo, gesi inauzwa kwa mtungi. Mwenye kipato cha siku anaweza kopo. Mtungi unataka fedha zote kwa mpigo. Sijawahi kuongoza warsha ya namna hii bila mtu, mara nyingi mama lishe, kulifikia jambo hilo mwenyewe kabla ya mchana, ilhali nimesoma maandiko ya miradi yenye kurasa mia yasiyolifikia.

Kuna jambo nililojifunza kwa Waogiek, jamii ya msitu wa Mau nchini Kenya. Mwaka 2006, huko Nessuit, wazee na vijana wao walitengeneza ramani kubwa ya msitu yenye milima na mabonde ya kushikika, kisha wazee wakaijaza kumbukumbu za msitu ulivyokuwa miaka ya 1920: mito, mizinga ya nyuki, mipaka ya koo. Tangu nilipoisikia habari hiyo, siku ya kwanza ya warsha zangu ni ya jana. Mtu aliyekumbuka mto uliokuwa na maji mwaka mzima haoni tabu kuufikiria ukirudi.

Sasa nirudi kwenye vigezo. Nani anaingia: watu ishirini hadi arobaini, na wanaingia kwa mwaliko wako. Huo ndio udhaifu mkuu. Ukimwalika mwenye kiwanda cha tofali ukamsahau mchoma mkaa, umeshaandika majibu. Swali: pana kuliko njia zote, hakuna kinachozidi hapa. Gharama: siku mbili au tatu, chakula, usafiri, na mwezeshaji anayejua kazi, kati kwa kati. Uamuzi unatua wapi: popote, yaani hakuna mahali. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kusoma karatasi zenu.

Inaharibikia wapi. Kwenye mkono wa mwezeshaji. Niliwahi kubandua karatasi ukutani jioni nikagundua kwamba maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kuliko yote yalikuwa yangu: "uchumi wa kijani", "ustahimilivu". Hakuna mtu aliyeyatamka mle ndani. Wao walisema "tusife njaa tukilinda miti ya watu". Nikairudia kazi.

Inamfaa nani: eneo ambalo halijaamua chochote bado, au ambalo limegawanyika kiasi kwamba mkutano utageuka ugomvi, pia vijana, ambao kwenye mkutano wa hadhara husimama nyuma kabisa.

Baraza la wananchi kwa kura ya bahati

Nani anaingia. Yeyote ambaye bahati imemwangukia, kwa mizani ya umri, jinsia, kipato na makazi. Uingereza, 2020, zilitumwa barua kwa kaya 30,000 ili kupata watu 108, wakakaa wikiendi sita kujadili namna ya kumaliza uchafuzi wa hewa ukaa, nyingine mtandaoni kwa sababu ya korona. Ireland ilikuwa imetangulia na wananchi 99. Mwaka 2017 asilimia 80 kati yao walisema wako tayari kulipa kodi zaidi kwa shughuli zinazotoa hewa ukaa nyingi, jambo ambalo mwanasiasa asingethubutu kulitamka jukwaani. Ufaransa ilikuja huku ikichechemea: kodi ya mafuta iliwaingiza waandamanaji wenye vizibao vya njano barabarani mwishoni mwa 2018, na mwaka uliofuata watu 150 wakaitwa kwa kura kutafuta njia ya kupunguza hewa ukaa kwa haki. Walitoka na mapendekezo 149.

Usiniambie ni mambo ya Wazungu. Uganda, 2014, wakazi wa Bududa wanaokaa kwenye maporomoko ya udongo na wa Butaleja wanaokaa kwenye mafuriko walichaguliwa kwa sampuli wakajadili kuhamishwa na mengine yanayowahusu. Tanzania, 2015, watu wapatao 400 kutoka pande zote za nchi walikusanywa Dar es Salaam kwa siku mbili kujadili gesi asilia na mapato yake, miaka miwili tu baada ya vurugu za Mtwara kuhusu bomba. Mkulima alimuuliza mtaalamu maswali ana kwa ana.

Swali. Pana, mradi likae kwenye sentensi moja. Hili linabeba mambo yenye maumivu: nani alipe, nani ahame, magari yazuiwe wapi. Aliyechaguliwa na bahati hatafuti kura za mwakani.

Gharama. Kubwa kuliko zote. Wataalamu wa pande tofauti, waongozaji wa vikundi, malazi, fidia ya siku kwa dereva wa bodaboda, mtu wa kushika watoto. Toleo dogo linawezekana: watu 24 wanaopatikana kwa kura ya karatasi kutoka kwenye daftari la wakazi la mtaa, Jumamosi mbili. Nimeliona likifanya kazi, ingawa mwenyekiti mmoja alininong'oneza, "Hii kofia yako ya karatasi imenichagulia mlevi wa mtaa." Mlevi huyo ndiye aliyetueleza takataka zinachomwa wapi usiku.

Uamuzi unatua wapi. Inategemea ahadi. Rais Macron aliahidi kuyapeleka mapendekezo bila kuyachuja. Februari 2021 wanabaraza walipokutana kupima namna serikali ilivyoyachukua, waliipa alama 3.3 kati ya 10.

Inaharibikia wapi. Hapo hapo kwenye ahadi, na pia kwenye swali la mwananchi wa kawaida: "Huyu aliyebahatika, nani kamtuma aniamulie?" Ni swali halali. Kwetu mzee au mjumbe ana uzito kwa sababu anajulikana nyumbani kwake, na kura ya bahati haimpi mtu uzito huo. Bila kueleza mbele ya watu wote jinsi karatasi zilivyochanganywa, utaambiwa umechagua ndugu zako.

Inamfaa nani: jiji au manispaa, kwa jambo ambalo viongozi wanaliogopa na pande zote zimeshakaza misuli.

Kwa hali yako

Kama mradi unagusa ardhi ya pamoja, hata ukiwa wa jua au upepo, mkutano wenye mamlaka hauepukiki, na ufanyike mara mbili: kabla na baada ya tathmini. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, megawati 310, ulikuwa umeshaanza kuzalisha umeme pale mahakama ya Meru, Oktoba 2021, iliposema hati za ardhi yake zilipatikana bila kufuata utaratibu. Usianzie kwenye warsha hapo. Watu wataona unawachezea michoro wakati wengine wanagawana viwanja.

Kama fedha zipo na zitarudi mwakani, jenga kamati. Tenga tangu mwanzo sehemu ya nishati, misitu au usafiri isiyoweza kuhamishiwa kwenye visima, na useme waziwazi kwa nini. Kama fedha ni za mara moja, kamati utakayoiunda itakufa pamoja na akaunti. Heri warsha nzuri na mkutano mmoja wa kupokea matokeo.

Kama hakuna anayejua mnakotaka kwenda, warsha ndiyo mlango. Alika kwa orodha iliyoandikwa na watu watatu wasiopatana, na kabla hamjaanza kuchora, mpate mtu mwenye mhuri atakayeahidi kwa maandishi tarehe ya kuyapokea matokeo.

Kama wote wanajua mnakotaka kwenda ila kila mmoja anataka mwenzake alipe, fikiria kura ya bahati, hata ile ndogo ya Jumamosi mbili. Ukikosa kiongozi wa kuahidi kujibu kila pendekezo, kwa ndiyo au kwa hapana yenye sababu, ahirisha.

Na kama una laki tano na wiki tatu, jambo ambalo ndilo hali ya wengi wanaoniandikia, fanya mkutano mmoja, lakini siku mbili kabla kaa na wanawake peke yao kisimani au kwenye kikoba chao, kisha na vijana kijiweni. Yaandike waliyoyasema bila majina, uyasome wewe mwenyewe mbele ya wazee siku ya mkutano kama "mambo yaliyonifikia". Yule mama hatalazimika kusimama mbele ya baba mkwe, na zile saa tatu za kuni zitaingia kwenye muhtasari.